Ukitaka Kujaribu Paleo, Anza na Soda

Jibu fupi kwanza, maana wengi wanaouliza wana haraka: ndiyo, mlo wa paleo hupunguza uzito. Katika miezi ya mwanzo unaweza hata kuushinda ushauri wa kawaida wa lishe, na hushusha sukari na baadhi ya mafuta kwenye damu. Jibu refu ni kwamba sababu inayotajwa na wanaoupigia debe siyo inayofanya kazi hiyo, na kwa mtu anayekula Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza, kuufuata mzima mzima ni kutupa vyakula vizuri pamoja na vibaya, kisha kulipia zaidi.

Kwa ambaye hajakutana nao, paleo ni mlo unaomtaka mtu ale kama anavyodhaniwa kula binadamu wa zama za mawe, kabla kilimo hakijaanza miaka elfu kumi na kitu iliyopita. Unaruhusiwa nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, korosho na lozi, na viazi vitamu kwa kiasi. Unakatazwa nafaka zote: ugali, wali, chapati, uji, mkate. Maharage, kunde, choroko na mbaazi ni marufuku, hata karanga, kwa kuwa nazo ni jamii ya kunde. Maziwa hayaruhusiwi, wala sukari, wala chumvi ya kuongeza, wala mafuta yaliyosafishwa kiwandani. Chukua sasa sahani ya mchana ya mama ntilie yeyote: wali, maharage, mchicha, kipande cha nyama kwenye mchuzi, tikiti pembeni. Paleo itakuachia mchicha, nyama na tikiti. Ukikitazama vizuri kilichobaki utaelewa upesi kwa nini watu wanapungua, na pia kwa nini wanaacha.

Wazo lenyewe ni la Marekani na lina umri wa nusu karne. Daktari wa magonjwa ya tumbo, Walter Voegtlin, alichapisha kitabu kuhusu mlo wa zama za mawe mwaka 1975. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaliandika kisomi katika jarida la New England Journal of Medicine: miili yetu imeumbika kwa maisha ya kuwinda na kukusanya, kilimo ni cha juzi tu, na maradhi mengi ya leo yanatokana na pengo hilo. Mwaka 2002 Loren Cordain akaligeuza kuwa kitabu cha dayati. Kuanzia hapo likawa biashara, na biashara hiyo ndiyo iliyotufikia sisi kupitia simu.

Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu si mengi, ila yapo. Linalonishawishi zaidi ni la Umeå, kaskazini mwa Sweden. Wanawake 70 wanene, waliokwisha koma hedhi, waligawanywa kwa kura: kundi moja likala paleo, jingine likafuata mwongozo wa lishe wa nchi za Nordiki, kwa miaka miwili. Baada ya miezi sita, wa paleo walikuwa wamepoteza kilo 6.5 za mafuta ya mwili na wenzao kilo 2.6. Hiyo si tofauti ya kubeza. Lakini matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2014, hayakuishia hapo. Ilipofika miezi 24, wa paleo walikuwa wamebaki chini kwa kilo 4.6 na wenzao kwa kilo 2.9, na kitakwimu tofauti hiyo haikuhesabika tena. Faida iliyodumu ni kwenye traigliseridi, yale mafuta ya kwenye damu ambayo daktari huyataja akisoma kipimo cha lehemu.

Huko huko Sweden, Staffan Lindeberg na wenzake waliwafuatilia wanaume 29 wenye maradhi ya moyo ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Baada ya wiki 12, mwitikio wa sukari baada ya kunywa glukosi ulishuka kwa asilimia 26 kwa waliokula paleo, na asilimia 7 kwa waliokula mlo unaofanana na wa Mediterania. Ni watu wachache na ni muda mfupi, lakini mwenye kisukari aina ya pili ana haki ya kulijua hilo.

New Zealand walijaribu kitu kilicho karibu zaidi na maisha ya mtu wa kawaida. Watu 250 waliachiwa wachague wenyewe kati ya paleo, mlo wa Mediterania na kufunga kwa vipindi, bila kushikwa mkono sana na mtaalamu. Mwaka ulipokwisha, waliochagua paleo walikuwa wamepungua kilo 1.8 kwa wastani, nyuma ya makundi yale mengine mawili, na ni kama theluthi moja tu ndio waliokuwa bado wanaufuata. Wengine walishindwa, na sioni kwa nini tuwaite wavivu. Mlo unaokukataza chakula kinachopikwa nyumbani kwako, kazini kwako na kwenye kila msiba na harusi unaanza vita na jamii nzima.

Kuna jambo la wiki ya kwanza linalowapumbaza wengi. Mtu anaacha ugali na wali siku ya Jumatatu, Jumapili anapanda kwenye mizani na kukuta kilo mbili au tatu zimeondoka. Anawapigia simu ndugu zake. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa jina la glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia gramu kama tatu za maji. Wanga ukipungua, akiba inatumika na maji yanatoka na mkojo. Siku atakayokula pilau kwenye arusi ya binamu yake, kilo moja au mbili zitarudi usiku mmoja, naye atadhani pilau ndiyo iliyomharibia. Mizani ya wiki ya kwanza ipuuzwe, ikipanda na ikishuka.

Sasa, kama si mababu, ni nini kinachopunguza uzito? Mwaka 2019 Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alichapisha jaribio ambalo kwangu linajibu swali hili kuliko vitabu vyote vya paleo. Watu 20 walikaa ndani ya wodi ya utafiti mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, wakaambiwa wale watakavyo. Milo iliyotengwa mezani ilikuwa na kiasi kinacholingana cha sukari, mafuta, protini na nyuzinyuzi. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine wakapungua kiasi hicho hicho. Mlo uliowapunguza haukuwa paleo. Ulikuwa chakula kilichopikwa.

Paleo inakataza karibu kila kitu kinachotoka kwenye pakiti na chupa, na hapo ndipo inapopatia. Soda, juisi za boksi, biskuti, mkate mweupe, mandazi ya asubuhi, chipsi za kwenye mafuta yaliyochemshwa tangu jana, bia: vyote vinaondoka kwa mkupuo mmoja. Anayevila kila siku akiviacha atapungua, hata angeambiwa kwamba ni mlo wa malaika. Chupa moja ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina sukari gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa mtu mzima asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Umeshapita, na hujagusa chai bado.

Kuhusu mababu, tuna bahati ambayo Wamarekani hawana: tunaweza kwenda Karatu. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ndio ambao watafiti wa dunia nzima huwakimbilia wakitaka kuona binadamu anayeishi kwa kuwinda na kukusanya. Hawazidi sana elfu moja, na ni mia chache tu ambao bado wanapata sehemu kubwa ya chakula chao porini. Hawa si watu wa zama za mawe. Ni majirani zetu wa leo, wenye kura na shida za ardhi. Lakini kama kuna mlo wa porini wa kuutazama kwa macho, ni huu wa kwao.

Wanawake hutoka kwa kikundi wakiwa na vijiti vilivyochongwa ncha na kukazwa kwa moto. Wanachimba katikati ya mawe, wakati mwingine kina cha mkono mzima, wanatoa mizizi ya mimea pori. Huichoma kwa dakika chache, wanaimenya, wanaitafuna kwa nguvu na kunyonya wanga na maji yake, halafu wanatema makapi ya nyuzi. Mmoja wa mizizi hiyo, wenyewe huuita ekwa, unatoka kwenye mmea wa ukoo mmoja na kunde. Ubuyu hukorogwa na maji, na mbegu zake hutwangwa zikawa unga. Matunda madogo ya vichakani huliwa kwa msimu. Nyama ipo siku mshale ulipobahatika. Halafu kuna asali: mwanamume humpigia mluzi ndege mlembe, ndege humtangulia mti hadi mti mpaka penye nyuki, yeye hufukiza moshi, hukata gogo kwa shoka, na kula asali pamoja na majana ya nyuki akiwa bado juu. Watafiti walipowauliza Wahadzabe wanapenda chakula gani kuliko vyote, asali ilishika nafasi ya kwanza, na mizizi ikashika mkia. Wanaotuuzia paleo kwa jina la watu hawa wanatukataza kunde na sukari.

Herman Pontzer alipima nishati wanayotumia, akachapisha matokeo mwaka 2012. Wanaume walikuwa wanatembea kilomita 11 kwa siku kwa wastani, wanawake karibu 6. Pamoja na mwendo huo wote, ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, hawachomi kalori nyingi kuliko mtu wa mjini Marekani anayekaa ofisini. Lisikuvunje moyo hilo. Mazoezi yanasaidia moyo, presha, usingizi na sukari, na yafanywe kwa ajili hiyo. Ila asiyegusa sahani yake akategemea jogingi ya Jumamosi imwondolee kitambi, atangoja sana.

Ushahidi wa kale nao hauungi mkono hadithi ya nyama tupu. Katika pango la Ngalue, Msumbiji, upande wa Ziwa Nyasa, Julio Mercader aliripoti mwaka 2009 kukuta chembe za wanga wa mtama pori kwenye zana za mawe zenye umri wa miaka isiyopungua 105,000. Hata wazo kwamba miili yetu iligota pale pale tangu enzi hizo halisimami. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, hasa wafugaji, yamejitokeza mabadiliko ya jeni yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa, na yameenea ndani ya miaka elfu saba hivi tu. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulikuta kwamba jamii zinazokula wanga mwingi, Wahadzabe wakiwemo, zina nakala nyingi zaidi za jeni la kimeng'enyo cha mate kinachovunja wanga.

Kwa hiyo msomaji, jaribu paleo ukitaka, lakini ufungue mlango kwa vyakula vitatu inavyovifukuza.

Cha kwanza ni jamii ya kunde. Hoja ya paleo ni kwamba maharage yana lektini na faiteti zinazodhuru utumbo na kuzuia madini. Maharage mabichi kweli yana lektini inayoweza kumtapisha mtu, lakini nani kwetu anakula maharage mabichi? Ukiyaloweka usiku, ukamwaga maji, ukayachemsha kwa moto mkali mpaka yaive, lektini hiyo imekwisha. Unabaki na protini, nyuzinyuzi na chakula kinachokaa tumboni muda mrefu kwa bei ambayo nyama haitaifikia kamwe. Mwenye mshahara wa kawaida na watoto watatu akiondoa maharage na kunde kwenye bajeti, pengo hilo halizibiki kwa nyama ya ng'ombe. Atalijaza kwa kula kidogo na kukasirika.

Cha pili ni nafaka isiyokobolewa: dona, mtama, uwele, ulezi. Sembe nyeupe inayojaa sahani nzima siitetei. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kalori kama 360, na sahani ya mwanamume anayeshiba inakwenda mbali kupita hapo. Punguza tonge, usilifukuze. Kama unatafuta sababu ya kweli ya kuogopa mahindi na karanga, ipo, na vitabu vya paleo haviitilii maanani: sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Anika nafaka ikauke kabisa, hifadhi pakavu, tupa punje zilizobadilika rangi, na karanga chungu uiteme.

Cha tatu ni maziwa, kwa anayeyaweza. Yakikujaza gesi, jaribu mtindi usio na sukari, maana bakteria wamekwisha punguza sehemu ya laktosi. Usipoyaweza kabisa, kula dagaa wazima na mifupa yao kwa ajili ya kalsiamu. Na chumvi uipunguze, lakini hiyo kidogo inayobaki iwe yenye madini joto. Wale wanawake wa Umeå walipopimwa tena, kundi la paleo lilionekana kupungukiwa na madini hayo, na sisi tuna maeneo ya bara ambako tezi shingoni ni kumbukumbu ya juzi.

Utaratibu ningeupanga hivi. Wiki mbili za kwanza shughulikia vinywaji tu. Ondoa soda, juisi ya boksi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Chai ya vijiko vitatu ishuke hadi kimoja, kisha bila. Juisi ya miwa na ya maembe hazina msamaha kwa sababu zimekamuliwa mbele yako. Kula chungwa zima na nyama yake. Mabadiliko hayo ya vinywaji yakishazoeleka, geukia asubuhi: badala ya chapati mbili na chai, mayai mawili na kiazi kitamu cha kuchemsha, au gimbi na nusu parachichi. Hapo paleo inatufaa sana, kwa sababu vyakula vyake vya wanga ni vyetu vya asili na viko sokoni. Kuna wafuasi wa paleo Marekani wanaonunua unga wa muhogo kwa bei ya kutisha wapate cha kusongea mikate yao. Wangefika Tanga wangeduwaa.

Kisha sahani. Nusu yake mboga za majani na za aina nyingine, robo samaki, kuku, mayai au maharage, robo ya mwisho ugali, wali, ndizi au muhogo, kiasi cha ngumi yako. Kwa mama ntilie useme waziwazi: "Mama, wali nusu, mboga unizidishie," na uongeze mia mbili tatu bila kunung'unika. Nyumbani mafuta yapimwe kwa kijiko cha chakula, si kwa kuinamisha dumu, maana kila kijiko ni kalori 120 na mchicha unakunywa mafuta kama sifongo. Nazi sina ugomvi nayo, lakini tui zito la mara mbili kwa siku nalo lina hesabu yake.

Nyama inahitaji neno lake, kwa kuwa wengi hupokea paleo kama ruhusa ya nyama choma kila jioni. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, kwenye kundi la visababishi vya saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. World Cancer Research Fund hushauri isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki. Hiyo ni nyama choma ya mara mbili, siyo ya kila siku na bia pembeni. Mwenye gauti anajua vidole vyake vinamwambia nini. Pendelea dagaa, sato, changu, kuku wa kienyeji ukimpata.

Wapo ambao hawapaswi kuanza kabla ya kuonana na daktari. Anayetumia insulini au glibenklamidi akikata wanga ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Anayetumia dawa za presha apimwe mara kwa mara uzito unapopungua, kwani dozi ya zamani huweza kuwa kubwa mno. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa kusoma makala. Anayetumia warfarini asiongeze mboga za majani kwa ghafla, kwa kuwa vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa. Mjamzito na anayenyonyesha waachane na dayati za kukataza makundi ya vyakula.

Ujipe miezi mitatu. Kabla ya kuanza, pima sukari, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu) kama kituo chako kinayo, lehemu na presha. Pima pia kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Miezi mitatu ikiisha rudia vipimo vyote. Kama kiuno kimepungua sentimita tatu nne na sukari imeshuka, endelea, hata kama mizani imekwama. Kama hakuna kilichobadilika, kagua kwanza vinywaji na mafuta ya kupikia kabla ya kuilaumu dona.

Watoto usiwaingize kwenye jambo hili. Waachie uji wa ulezi, maziwa na maharage yao, na soda uiache dukani.